Matege ya Ukoo wa Onodera

Kamisawa, 21 Oktoba 2018

Mpwa wangu Chigusa,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne, na mimi ndiye mtu wa kwanza kijijini kupata barua siku hiyo, maana tarishi haanzi kugawa mpaka anipitie. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, ni heshima tu. Unajua mwenyewe kwamba hapa Kamisawa halipiti jambo bila mimi. Mkuu wa kijiji akitaka kujua theluji itaanza lini hawashi redio, anakuja kusimama mlangoni kwangu ananitazama pua. Mwaka jana wataalamu wa hali ya hewa walikosea kwa siku nne. Mimi nilikosea kwa saa mbili, na hizo saa mbili ni theluji iliyochelewa, si mimi.

Huku wote wazima. Figili nimeshazitundika chini ya paa zikauke, nitakutumia fungu. Magogo ya uyoga yamezaa mpaka nimeyaomba yapumzike. Nyumba ya marehemu mama yako naifungua madirisha kila Jumapili, haina unyevu hata kidogo.

Sasa hili lako. Unasema mwanao Kozue alipopelekwa kupimwa afya ya mwaka mmoja na nusu, nesi alimsimamisha, akamtazama magoti, akamwita mwenzake, wakaafikiana kwamba miguu imepinda kwa nje. Chigusa, hongera! Hayo si maradhi, huo ni urithi! Sisi Onodera tulikuwa wapanda farasi wa bwana wa ngome. Tulizaliwa juu ya farasi, tukala juu ya farasi, tukaoa juu ya farasi, mpaka miguu ikachukua umbo la tumbo la farasi. Babu yako alikuwa nayo. Mimi ninayo, na kati ya magoti yangu anapita mbwa amembeba mbwa mwenzake. Nilieleza yote haya harusini kwako, watu themanini wakapiga makofi, na baba mkwe wako, Mungu amrehemu, alisimama.

Basi mwambie huyo nesi kwamba mtoto ni wa ukoo. Usilie ovyo. Mlishe.

Mjomba wako,
Tokuji


Kanazawa, 30 Oktoba 2018

Shikamoo Mjomba,

Figili zimefika salama, mama mkwe anakushukuru na anakusalimu. Mume wangu Noritaka ana mafua lakini anakwenda kazini. Hapa mvua inanyesha wiki ya pili sasa. Kozue amejifunza neno jipya, "bado", na analitumia kwa kila kitu. Ukimwambia tulale, bado. Ukimwambia kula, bado. Jana mbwa wa jirani alimbwekea, akamwambia bado.

Utauliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Nikikupigia simu nacheka saa nzima, nikiiweka chini sikumbuki nilichouliza. Kwenye karatasi huna pa kunikimbilia.

Mjomba, wamempiga Kozue picha ya magoti na ya vifundo vya mikono. Ncha za mifupa, ambazo zilitakiwa ziwe na mstari uliokaza, zimefumuka kama ukingo wa kitambaa kisichopindwa. Daktari wake ni mama mmoja mtulivu, Dakta Hamaguchi. Alinivutia kiti akaniambia, "Mama Kozue, mifupa yake ni laini. Haya ni matege ya ugonjwa." Vitamini D kwenye damu yake ni kidogo hata mashine ilishindwa kuandika namba, iliandika tu kwamba iko chini ya kiwango cha kupimika. Sasa anapewa dawa ya matone kila asubuhi.

Lakini Dakta anasema ziko njia mbili za kufika hapo. Wako watoto waliokosa jua na chakula chenye vitamini hiyo. Hao wakipewa matone wanapona, na miguu inanyooka wakikua. Na wako waliorithi. Hao damu yao haishiki madini ya mifupa hata ukiwaanika juani mwaka mzima, na dawa yao ni nyingine, ya maisha. Kwa hiyo akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwenye miguu hiyo. Sijafungua mdomo, mama mkwe akadakia:

"Wapo tele! Mjomba wake alituhutubia harusini. Ukoo mzima, Dakta, tangu enzi za farasi!"

Dakta Hamaguchi hakucheka. Aliandika.

Mama yangu alikuwa na miguu iliyonyooka, hilo nalikumbuka. Wewe sijui, tangu nipate akili naiona hivyo ilivyo. Ulizaliwa nayo? Na babu je? Mama hayupo, bibi hayupo, nimebakiwa na wewe tu wa kumuuliza. Niandikie kama ilivyo, Mjomba, farasi tuwaache zizini.

Chigusa


Kamisawa, 18 Novemba 2018

Mpwa wangu,

Nimechelewa, na wa kulaumiwa ni dubu. Alikuja kwenye magogo yangu ya uyoga, dubu mwenye mwili wa gari dogo. Mwingine angepiga kengele au angekimbia. Mimi nilimtazama tu, nikamwambia, "Wewe, huna kwenu?" Aliona haya. Aligeuka akaenda zake, na nakuapia aliurudisha uyoga mmoja aliokuwa ameshautia mdomoni.

Theluji ya kwanza imeanguka, nyepesi tu. Greda langu la kusukuma theluji nimeshalipaka mafuta. Msimu huu wamenipa barabara yote ya bonde, kwa sababu waliponinyima mwaka juzi walijuta.

Nimekutumia kilo mbili za uyoga mkavu. Sasa sikia vizuri, maana hili sitanii. Kabla hujaupika, uanike tena juani saa moja au mbili, hata kama umeshakauka. Na uulaze chali, tumbo juu. Uyoga hauli jua kwa mgongo, unalila kwa tumbo, hapo kwenye mikunjo yake iliyo kama kurasa. Ukiulaza kifudifudi umeuanika bure. Siku hizi wengi wanaukausha kwa mashine, haujawahi kuona jua hata kwa dirisha, halafu wanauita uyoga wa shamba. Nilijifunza kwa babu yako, na juzi mtaalamu wa kilimo alikuja na mashine yake ya kupimia akasema mzee alikuwa sahihi, hiyo vitamini yenu inapanda kweli. Nilimwambia tunajua, endelea kunywa chai.

Kuhusu lile swali lako, nilishalijibu harusini.

Mjomba Tokuji


Kanazawa, 2 Desemba 2018

Shikamoo Mjomba,

Uyoga tumeupokea. Siku ya kwanza jua lilitoka dakika arobaini, nikauanika chali barazani, nikakaa pembeni yake kama mtu anayelinda kuku. Kozue kala supu yake yote. Hakusema bado.

Hukujibu, Mjomba, ndiyo maana naanza kukueleza mimi.

Kozue alipofika miezi sita nilimpa yai, akatoka ukurutu uso mzima. Niliogopa. Nikaondoa mayai. Halafu nikaondoa samaki, halafu maziwa ya dukani, hakuna daktari aliyeniambia, niliamua mwenyewe. Nikabaki na ziwa langu, uji wa mchele na boga. Watu walinisifu, mama anayenyonyesha vile. Na mimi mwenyewe, Dakta amenipima, hiyo vitamini sina. Sasa ningempa nini mtoto kwenye maziwa?

Unajua kazi yangu. Miaka tisa nimesimama kaunta ya vipodozi nikiwaambia wanawake wasiliache jua liwaguse. Nina glavu za kufika kwenye kiwiko, nina kofia ya ukingo mpana, nina mwavuli wa jua wa kila msimu. Losheni naipaka hata siku ya mvua. Weupe wangu ndio tangazo la kaunta yangu. Na Kozue nilimlea hivyo hivyo.

Mama mkwe hanigombezi, na hilo ndilo linaloniumiza. Jana tunakunja nguo akasema taratibu, "Mimi sisemi ni kosa lako, Chigusa. Nasema tu, kwetu watoto wanyoofu."

Noritaka akamwambia, "Mama, wewe mwenyewe ukipanda ngazi unashika goti."

"Hilo ni la uzee! Uzee haurithiwi!"

Nitakuambia jambo ambalo Noritaka sijamwambia. Ziko asubuhi naamka naomba iwe ni ya kurithi. Ikiwa ya kurithi, si mimi niliyemfanyia. Halafu namtazama anavyotembea kama bata nakumbuka kwamba nikiombea hivyo namwombea dawa ya maisha. Ona mimi ni mama wa namna gani.

Dakta Hamaguchi anasema wewe uliyezaliwa mwaka 1967 lazima ulikuwa na kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Ndani yake wanaandika kila kitu, meno, uzito, na miguu. Mama aliviweka vijitabu vyote kwenye lile kasha la mbao la nguo. Nitafutie chako, tafadhali.

Chigusa


Kamisawa, 6 Januari 2019

Mpwa wangu,

Mwaka mpya uwe wa heri kwako, kwa Noritaka, kwa Kozue na hata kwa mama mkwe. Nimekula keki za mchele kumi na tatu. Zahanati wametoa tangazo wazee wasile zaidi ya mbili wasije wakakabwa. Nililisoma huku natafuna.

Kasha nimelifungua. Kijitabu changu kimeliwa na panya. Kuanzia jalada hadi jalada, hajabakiza hata tarehe. Panya msomi huyo, vitabu vingine hakuvigusa.

Lakini chako nimekipata, kizima, nacho hiki hapa ndani ya bahasha. Mwandiko ni wa mama yako, utauona. Nilitaka kukisoma kidogo nikaacha, moshi wa jiko uliniingia machoni.

Theluji imefika dirishani. Naamka alfajiri nasukuma theluji ya barabara ya bonde peke yangu, na basi la shule halipiti mpaka lisikie honi yangu.

Mjomba Tokuji


Kanazawa, 20 Januari 2019

Shikamoo Mjomba,

Nilikisoma jikoni, nimesimama, sufuria ikaungua.

Nilikiweka mezani kando ya cha Kozue. Miaka thelathini imepita kati yao na vinafanana, maswali ni yale yale, mahali ni pale pale. Je, mtoto anakufuata kwa macho? Je, anashika kitu? Mpaka nikafika kwenye swali moja. Kwenye changu limeandikwa: "Je, mnamwotesha mtoto jua?" Mama amezungushia "Ndiyo", na pembeni ameandika kwa penseli: "Kila siku barazani, miguu kwanza, dakika kumi. Leo alicheka."

Kwenye cha Kozue, mahali pale pale, limeandikwa: "Je, mnamwotesha mtoto hewa ya nje?"

Neno moja wamelibadilisha, jua likawa hewa. Na mimi nilizungushia "Ndiyo", Mjomba. Sikudanganya. Nilimtoa nje kila siku, wala sikuruka hata moja. Kigari kimefunikwa kitambaa, mwavuli juu ya kigari, tukipita upande wa kivuli. Hewa aliipata.

Nilimpelekea Dakta Hamaguchi vyote viwili. Akavilinganisha. Akasema waliobadilisha neno walikuwa na sababu zao, walihofia ngozi za watoto wachanga kuungua. "Lakini," akasema, "hakuna aliyeandika mfunikeni."

Ni kweli, hakuna aliyeandika. Nililisoma neno, nikalimalizia mwenyewe.

Kwa hiyo mimi naamini ni jua. Nimeanza kumtoa, miguu kwanza, dakika kumi, siku ambazo jua linapatikana. Dakta amenipa ruhusa ya samaki, na yai tunajaribu kijiko kimoja hospitalini. Ila kwenye faili lake bado kuna mstari unaosema ukoo wa mama una matege, na Dakta anasema hawezi kuufuta kwa sababu tu mimi naamini ni jua. Lazima mtu anayejua aseme.

Anayejua ni wewe.

Chigusa


Kamisawa, 17 Februari 2019

Mpwa wangu,

Siku tatu hizi theluji haikukatika. Nilipanda paa la nyumba ya mama yako nikalisafisha, mara mbili, nyumba isije ikalemewa.

Hiyo habari ya barazani naikumbuka. Ni baraza la upande wa bustani, na ilikuwa kiangazi. Mama yako Fusae alikuwa anakulaza kwenye taulo la njano, anakuvua soksi, anakusogeza mpaka jua likupate magotini tu, uso ukabaki kivulini. Halafu anahesabu kwa sauti. Akiitwa jikoni ananiambia, "Toku, endelea kuhesabu." Nami naendelea. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeacha shule nikiwa na kumi na tano, lakini kuhesabu najua. Siku moja nilihesabu mpaka elfu moja na mia mbili kwa sababu hakurudi upesi, ukawa mwekundu kama kamba wa kuchemsha, akanikimbiza na ufagio hadi barabarani.

Hili si la kuongeza chumvi. Muulize yeyote.

Basi wewe si mama mbaya, Chigusa. Fusae angekuambia hivyo, na yeye hakuwa mtu wa kusifia.

Kuhusu miguu yangu, mwanamume anatembea na miguu aliyo nayo. Greda lilizimika juzi katikati ya bonde nikalisukuma kwa bega.

Mjomba Tokuji


Kanazawa, 24 Machi 2019

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sikuwahi kujua habari ya taulo la njano.

Kozue anaanguka mara chache sasa. Juzi alipanda ngazi mbili bila kushikwa, akakaa kwenye ya tatu akatutazama kama mkuu wa kijiji chenu. Vitamini kwenye damu imepanda. Madini ya mifupa nayo yamepanda, lakini si kwa kiasi alichokitarajia Dakta Hamaguchi, na hapo ndipo tulipokwama. Anasema mtoto mwingine angemwacha aendelee na matone, amtazame miezi mitatu zaidi. Lakini mtoto ambaye ukoo wake una matege hawezi kumwacha. Itabidi ampeleke hospitali ya chuo kikuu, alazwe siku nne, achukuliwe damu na mkojo asubuhi, mchana na jioni, na vipimo vya urithi.

Kabla ya hapo ana ombi moja. "Mjomba yuko hai?" aliniuliza. Nikamwambia yuko hai mno. Akasema, "Basi aje. Nimpige picha moja ya miguu. Mtu aliyezaliwa na matege ya kurithi, mifupa yake inasema. Picha moja ya mjomba itamwondolea mtoto sindano nyingi."

Tumepanga Ijumaa, tarehe 12 Aprili, saa nne asubuhi. Ni safari ya siku moja ya treni. Noritaka atakupokea kituoni, na mama mkwe ameshaanza kuulizia unapenda samaki gani. Njoo, Mjomba.

Chigusa


Kamisawa, 9 Aprili 2019
(kadi ya posta)

Chigusa, nimefurahi sana kwa mwaliko ila haiwezekani. Huu ndio wakati wa kutoboa magogo mapya na kupachika mbegu za uyoga, na mkono wangu ndio unaojua kina cha tundu. Greda linaoshwa. Mkuu wa kijiji ana mkutano na hawezi kuachwa peke yake. Pia mganga mmoja aliniambia zamani nisipigwe picha, mifupa yangu ina nguvu nyingi, inaweza kuharibu mashine. Wasalimie wote. Samaki yeyote napenda. Tokuji.


Kanazawa, 15 Aprili 2019

Mjomba,

Ijumaa tulikaa pale na kiti kimoja kitupu. Noritaka alikuwa amekwenda kituoni kukupokea, kwa sababu kadi yako haikufika mpaka Jumamosi. Alisubiri treni mbili.

Dakta alipoona saa imepita alifungua faili, akaniuliza tena, safari hii polepole, kama anayemuuliza mtoto: "Ukoo wako una matege ya kuzaliwa, ndiyo au hapana?" Nilisema sijui. Mama mkwe alikuwa pembeni yangu. Mara ya kwanza tangu aanze kuja nami, alinishika mkono.

Kozue atalazwa tarehe 20 Mei. Hospitali wametupa karatasi ya vitu vya kubeba. Nguo za kulalia, kikombe chake, mwanasesere mmoja. Wamesema mishipa ya watoto wa umri wake haionekani kwa urahisi, kwa hiyo tusishtuke wakirudia kumchoma.

Sikuombi tena uje. Nakuomba sentensi moja. Ukisema ulizaliwa nayo, nitabeba begi niende, wala sitakulaumu, damu haina mwenye kosa. Lakini usinipeleke kwenye kitanda kile kwa ajili ya hotuba ya harusi.

Chigusa


Kamisawa, 2 Mei 2019

Mpwa wangu Chigusa,

Pole kwa Noritaka na zile treni mbili. Mwambie nitakuja nimsubiri yeye siku moja, treni nne.

Huku theluji imeisha, imebaki migongoni mwa milima tu. Jana amekaa mfalme mpya, wamebadilisha jina la enzi. Hawakuniuliza, nimewasamehe.

Ndani ya bahasha hii utakuta vitu viwili. Cha kwanza ni kijitabu changu cha kliniki. Panya hakuwahi kuwapo. Ukurasa wa miaka mitatu bibi yako ameandika kwa wino: "Miguu imenyooka. Mtoto ni mwoga wa kuku." Ukitaka kumwonyesha Dakta, mwonyeshe huo mstari wa kwanza, wa pili uufunike kwa kidole.

Cha pili ni picha yenyewe. Jumatatu nilipanda basi nikaenda hospitali ya mjini, nikawaambia nipigeni miguu yote miwili muandike mnachokiona. Daktari wa huko ni kijana, mikono baridi. Aliitundika picha ukutani akasema, "Mzee, huu wa kushoto ulivunjika zamani chini ya goti, ukaunga vibaya. Ilikuwa ajali ya gari?" Nikamwambia kitu kama hicho. Ameandika barua na kugonga mhuri. Mfupa wa kuvunjika, si wa kurithi. Hakuna matege. Na babu yako vilevile, ujanani alikuwa mnyoofu kama mlingoti, nimemwona kwenye picha akiwa na miaka ishirini. Alipinda uzeeni, magoti yaliisha kwa kazi ya mpunga. Farasi hatukuwahi kuwa nao. Tulikuwa na mbuzi.

Kwa hiyo jibu lako ni hapana. Nimeandika sentensi yako kwenye karatasi ya peke yake, nimeweka na saini, mpe Dakta afute ule mstari wake. Weka chini hilo begi la hospitali.

Sasa utauliza mguu ulivunjikaje, na ningependa kukuambia dubu. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi natafuta namna ya kumwingiza dubu.

Ilikuwa Januari mwaka 1988. Fusae alikwenda dukani akaniachia wewe, una miezi minane. Kwenye televisheni walikuwapo wale mabinti waliokuwa wanaimba siku zile, wanarusha mguu halafu wanazunguka. Dansi yao niliijua yote. Nilipanda juu ya kotatsu, ile meza yetu fupi ya kuotea moto, nikiwa nimevaa aproni ya dada yangu kwa sababu nilihitaji kitu cha kupeperuka. Nisikudanganye kwamba nilikuwa nakubembeleza. Nilianza kabla hujaamka. Ulipoamka ukacheka, nikaongeza mzunguko mmoja ambao haukuwamo, soksi ikateleza, nikaanguka. Meza ile kimo chake hakifiki ndoo ya maji. Mtu pekee aliyeshuhudia ni wewe, na hukuwa na jino hata moja.

Siku nne nilisema nimeteguka kidogo. Nilipopelekwa kwa daktari mfupa ulikuwa umeshaanza kushika njia yake. Fusae aliikuta aproni, akajua, akaniambia hatasema, na hakusema mpaka anakufa. Farasi nilikuja kuwatunga baadaye. Watu walipenda, nami nikazoea. Wakati unaniandikia kuhusu Kozue kila mara nilikuwa nasema barua hii nitasema, halafu nawaona wale watu themanini wanapiga makofi.

Limebaki moja, nalisema kwa sababu limo kwenye barua ya daktari na mama mkwe wako anajua kusoma. Utaona ameandika kwamba mguu wa kulia hauna kasoro yoyote, akaweka alama ya kuuliza. Ni kweli, hauna kitu. Umenyooka kama wa mtu mwingine yeyote. Huwa naupinda mwenyewe nikiona watu wanakuja.

Tokuji